Kilometa Inahesabiwa wa Mwisho Akifika

Mwezi wa kwanza, mvua ikiwa nyingi, tulibeba mama mmoja wa koperative yetu juu ya kipoyi. Uchungu ulimshika usiku. Toka kijiji chetu mpaka kituo cha afya ni kilometa 14, na ile njia wakati wa mvua hata pikipiki haipiti. Wanaume wanne walibeba, wanne wengine walifuata nyuma ili kupokezana. Tulifika jua likiwa limeshapanda. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatuandiki jambo hili ili kuwasikitisha, ndugu zetu wa makoperative. Tunaliandika kwa sababu hapo ndipo mambo ya kinga yalipoanzia. Wenye kubeba walikuwa wamekaa kwenye benchi la kituo cha afya, mabega yamechubuka, matope mpaka magotini. Muuguzi akatoka, akawaangalia, akauliza: "Bantu munane juu ya mama moya. Kule kwenu kinga ziko ngapi?" Hakuna aliyejibu, lakini kila mmoja wetu alihesabu kichwani. Ziko zaidi ya 40.

Muuguzi alitueleza kuna kipoyi cha magurudumu: kitanda cha chuma chenye magurudumu mawili, kinafungwa nyuma ya kinga, na mgonjwa analala chini ya turubai. Vitu vya namna hiyo vinatumika Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na Malawi pia. Mtu mmoja anaendesha, mwingine anasukuma kwenye mlima. Watu wawili badala ya wanane. Fundi wa kuchomelea chuma anaweza kukitengeneza Likasi kama akipewa mfano na pesa.

Mfano ulipatikana. Pesa ndiyo haikuwepo.

Marafiki saba na shauri la wazee

Tulikuwa saba: mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa kinga, kijana mwenye kubeba makala, wakulima wawili wa mahindi, mama muhasibu wa koperative, na agronomu wa mradi, ndiye anaandika mistari hii kwa jina la wote. Sisi wote tunajuana toka zamani. Jioni moja, nyumbani kwa fundi, mwalimu alileta wazo. Alisikia kwenye redio kwamba katika inchi nyingine watu wanaendesha kinga mbali sana, na majirani wanaahidi kutoa kitu kwa kila kilometa, kisha mchango unaenda kwa hospitali ao kwa shule. Akasema: "Na siye tupime."

Tulipanga kwenda Likasi na kurudi siku moja. Ni kilometa 42 kwenda na 42 kurudi, jumla 84, kwa kinga zetu hizi za chuma zisizo na vitesi. Tulichagua mwezi wa 8, mbele ya kazi ya kutayarisha mashamba kuanza.

Tulipoleta wazo kwenye mkutano wa koperative, hatukupigiwa makofi. Papa mmoja mzee alisimama na kusema maneno ambayo tulistahili kuyasikia: "Mara ya mwisho tulitoa mchango wa mabati. Mabati iko wapi? Leo munataka tuwalipe juu ya kutembea na kinga?" Ni kweli. Mchango ule ulipotea mikononi mwa watu, na mpaka leo hakuna aliyeleta hesabu. Mwingine akauliza kwa nini vijana wenye nguvu wanataka kuchosha miguu bure wakati kuna bustani za kumwagilia.

Mashauri yaliendelea saa mbili. Mwisho wake wazee walikubali, lakini waliweka masharti matatu.

La kwanza: mchango usiwe wa pesa, uwe wa mahindi. Mwezi wa 5 watu wanavuna, mahindi yapo, pesa hakuna. Kila familia iandike itatoa meka ngapi kwa kila kilometa 10.

La pili: mazoezi yasiwe ya bure. Kila mara tukitoka, tubebe kitu cha memba asiye na kinga.

La tatu ndilo lilikuwa gumu. Papa mzee yule yule alisema: "Hatulipe mashindano. Kilometa inahesabiwa pale wa mwisho wenu amefika." Maana yake, kama sita wanafika na mmoja anabaki njiani, tunahesabu mpaka pale alipobaki yule mmoja.

Tulicheka kidogo. Baadaye tuliona kwamba sharti hilo ndilo lilitufundisha kila kitu.

Mwili unajengwa siku ya kupumzika

Siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa 5 tulitoka kilometa 15 tu. Wakulima wawili walikimbia mbele kama wamefunguliwa kwenye kamba. Kijana wa makala, ambaye anaweza kusukuma kinga yenye magunia manne toka msituni mpaka mjini, alikuwa wa mwisho. Tulishangaa. Lakini ni jambo la kueleweka: yeye anasukuma kwa miguu na mikono, haendeshi. Miguu yake ilizoea kutembea, haikuzoea kuzunguka. Mama muhasibu alirudi na magoti yanauma kwa siku tatu.

Hapo agronomu alipaswa kusema kitu, na alisema anachokijua: udongo. Shamba ukililima kila msimu bila kulipumzisha wala kulirudishia kitu, linachoka. Mwili ni vile vile. Mazoezi yanavunja nyama ya mguu kidogo kidogo. Chakula na usingizi ndivyo vinaijenga upya, yenye nguvu kuliko mbele. Mtu anayefanya mazoezi makali kila siku anavunja tu, hajengi.

Basi tulipanga hivi. Siku ya pili na siku ya ine asubuhi, mbele ya kwenda shamba, tunaendesha nusu saa ao saa moja, polepole, kiasi cha kuweza kuongea bila kukosa pumzi. Siku ya posho tunaenda mbali. Siku zingine ni kazi za kawaida na kupumzika. Kila juma la ine tunapunguza, hata kama tunajisikia na nguvu. Safari za siku ya posho zilikuwa hivi:

- Mwezi wa kwanza wa mazoezi: kilometa 15, 20, 25, kisha 18.
- Mwezi wa pili: 30, 35, 42, kisha 25.
- Mwezi wa tatu: 50, 55, 65, kisha 35.
- Majuma mawili ya mwisho: 40, kisha safari fupi fupi tu na kulala vizuri.

Watu walituuliza kwa nini hatukufika kilometa 84 kwenye mazoezi. Haihitajiki. Mtu aliyeweza 65 bila kuumia, na akapumzika vizuri, 84 ataiweza. Lakini mtu aliyejichosha juma la mwisho anafika kwenye siku kubwa akiwa ameshamaliza nguvu.

Sharti la wazee lilibadilisha namna tulivyoenda. Mwanzo, wenye nguvu walikaa mbele. Kisha tuliona haina faida kufika mbele, kwa sababu kilometa haihesabiwi. Tukaweka wa polepole mbele, yeye ndiye anapima mwendo. Wakati wa kiangazi upepo unapiga sana kwenye sehemu za wazi. Basi mwenye nguvu anakata upepo, wengine wanajificha nyuma yake, na wanabadilishana kila kiasi cha kilometa moja. Mwenye kufuata nyuma anapunguziwa kazi kweli. Kwenye mwezi wa pili, kijana wa makala akawa ndiye mkata upepo wetu.

Na mizigo? Tulibeba. Mahindi ya wamama wazee kwenda kwenye mashini ya kusaga na bunga kurudi. Mbegu za mboga kwa wenye bustani za kando ya mto. Siku moja mwalimu alibeba mbuzi, na mbuzi alilia njia nzima. Toka siku hiyo hata wale waliotucheka walianza kuuliza, "Munaenda lini tena?"

Chakula: kiko kwenye mashamba yetu

Hatukununua dawa wala vinywaji vya duka. Mtu anayeendesha kinga saa tano ao sita anahitaji vitu vitatu: chakula cha kutoa nguvu haraka, chumvi, na maji.

Usiku mbele ya safari: bukari, sombe na ndagala, kiasi cha kushiba bila kujaza tumbo. Asubuhi: uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa. Njiani, kila saa moja, hata kama njaa haijafika: viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi, ao konzi ya karanga. Anayengoja mpaka njaa ishike amechelewa. Miguu inaisha ghafula kama taa isiyo na mafuta. Tulijifunza hilo siku ya kilometa 42, wakati mwalimu alikaa chini ya muti na kukataa kuamuka mpaka alipopewa viazi viwili.

Angalisho juu ya karanga: chagua moja moja. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa ao yenye rangi nyeusi, tupa. Ule ukungu una sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Usimpe kuku pia.

Kwa maji, tulitengeneza haya: litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke. Ni yale yale wanayopewa watoto wenye kuharisha, kwa hiyo hata kama huna kinga, kariri kipimo hiki. Chumvi isizidi. Wengine wetu walibeba munkoyo, ule mutamu wa siku moja usiochacha, na ulitusaidia vizuri. Uliochacha ulibaki nyumbani kungoja turudi.

Kinga yenyewe

Fundi wetu alikagua kinga zote saba na kukuta kasoro kwenye zote saba. Haya ndiyo aliyotufundisha, na yanafaa kwa kila memba anayebeba mazao kwa kinga:

Kiti. Wengi wetu tunakaa chini sana. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukikaa chini, goti linabeba kazi yote. Magoti ya mama muhasibu yalipona baada ya kupandisha kiti vidole vinne tu.

Mnyororo. Upanguse kwa kitambaa kikavu, kisha weka mafuta ya mashini tone kwa tone, na upanguse tena yanayozidi. Mafuta ya mawese hapana. Yanashika vumbi, yanakuwa kama mchanga kwenye meno.

Mpira. Kwenye njia ya mchanga punguza upepo kidogo, kwenye lami jaza. Mpira ulioanza kuonyesha nyuzi usiupakie mzigo, hata kama unaona utavumilia mara moja tena.

Breki. Zijaribu ukiwa na mzigo, usizijaribu kinga ikiwa tupu. Kinga yenye gunia la mahindi haisimami pale inaposimama kinga tupu.

Kumbuka hiyo ya mpira. Tutairudia.

Siku yenyewe

Tulitoka saa kumi na moja asubuhi, baridi bado, moshi wa moto wa majani umekaa chini kama ukungu. Wamama walikuwa wameshaamuka, wamesimama kando ya njia. Yule mama wa mwezi wa kwanza alikuwepo. Hakusema kitu. Alimpa mama muhasibu mfuko wa ndizi na akarudi nyumbani.

Kilometa 14 za kwanza ni njia ya kipoyi. Tulizipita kwa muda wa saa moja na kitu. Kwenye kituo cha afya muuguzi alitoka na kutupungia mkono. Tulifika barabara kubwa ya Lubumbashi na Likasi jua likipanda. Hapo malori ya madini yanapita mfululizo, na lori halipunguzi mwendo juu ya kinga. Tulikuwa tumekubaliana: mstari mmoja, mkono wa kuume kabisa, nguo yenye rangi ya kuonekana kwa wa mwisho, na kila lori likija nyuma wa mwisho anapiga filimbi na sisi wote tunashuka kwenye ukingo. Tulishuka mara nyingi mno. Tulipoteza muda, hatukupoteza mtu.

Likasi tulikunywa chai, tukapita kwa fundi wa kuchomelea kuangalia kazi yake, na tukageuka mbele ya jua kuwa kali.

Kurudi ndiko kulikuwa kugumu. Upepo ulikuwa usoni. Kwenye mteremko, kilometa chache mbele ya kituo cha afya, mpira wa mbele wa mama muhasibu ulipasuka. Ni ule mpira ulioanza kuonyesha nyuzi. Fundi alikuwa amesema ubadilishwe, mama alisema utafika. Alianguka vibaya juu ya mkono. Hakuvunjika, lakini mkono ulivimba haraka kama muhogo kwenye maji. Fundi alibadilisha mpira. Mama alipanda tena na kushika kwa mkono mmoja, na tulienda polepole sana, sisi sita tumemzunguka, mpaka kituo cha afya. Hapo muuguzi alimfunga mkono na kusema neno moja: "Basi." Hakuna kuendesha tena.

Tulikuwa tumefika kilometa 70. Zilibaki 14. Zile zile.

Gari dogo la wauza samaki lilikuwa linaelekea upande wetu, na dereva alikubali kumbeba mama bure. Mmoja wetu, hatutamtaja, alisema kwa sauti ndogo: "Mama aende na gari, ashuke mbele kidogo ya kijiji. Siye tutafika na kinga. Aingie pamoja na siye. Nani atajua?"

Tusijidanganye: kwa dakika moja hakuna aliyesema hapana. Tulikuwa tumefanya kazi ya miezi mitatu na zaidi. Tofauti ya kilometa 70 na 80 kwenye karatasi ya ahadi ilikuwa meka 68 za mahindi. Kwa mizani yetu meka moja ni kilo 2 na nusu, basi ni kilo 170. Na ni kwa ajili ya wagonjwa, si kwa ajili yetu.

Mama muhasibu ndiye alijibu, amekaa kwenye benchi lile lile la mwezi wa kwanza: "Miye ndiye minashika kaye. Nitaandika nini? Mabati ilipotea vile vile, na mutu moya wa kusema nani atajua."

Akapanda gari. Sisi tuliendesha kilometa 14 zilizobaki bila kuongea sana. Tulipofika, watu wamejaa, watoto wanaimba, mwalimu alisimama juu ya kiti na kusema mbele ya wote: "Ni 70. Si 84." Na akaeleza kwa nini.

Papa mzee wa mabati alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mukono wa mama uko namna gani?"

Kuuzisha sasa ao kungoja?

Familia 61 zilikuwa zimeahidi, zote pamoja meka 68 kwa kila kilometa 10. Kwa kilometa 70 ni meka 476. Kufikia mwisho wa mwezi wa 9, meka 441 zilikuwa zimeletwa, karibu kilo 1.100, magunia 11. Familia chache zilishindwa, na tuliandika hivyo bila kuzisumbua. Zingine zilileta hesabu ya kilometa 84 kwa mapenzi yao. Nazo tuliziandika mbali, kama zawadi, ili hesabu isichanganyike.

Hapo shauri lingine lilitokea, na hili linawahusu ninyi wote mnaovuna mahindi. Bei inaanguka wakati wa mavuno, kwa sababu kila mtu anauzisha. Inapanda polepole, na miezi ya mvua, mwezi wa kwanza na wa pili, ndipo inakuwa juu. Sisi wa kilimo tunahubiri kila mwaka: musiuzishe yote mwezi wa 5. Basi wamemba wengi walisema: tungoje mwezi wa kwanza, magunia 11 yatatoa pesa nyingi zaidi.

Mama wa mwezi wa kwanza aliomba neno. Alisema hivi tu: "Mwezi wa kwanza ndipo mvua iko. Mimba haingoje bei."

Tuligawanya. Magunia 6 yaliuzishwa mara moja, na pesa ikatosha kutengeneza kipoyi cha magurudumu pamoja na turubai yake. Magunia 5 tuliyaweka kwenye depo kwa ajili ya bei ya mvua, na pesa yake ni ya mipira, gurudumu la akiba na matengenezo. Kitu kisicho na pesa ya matengenezo kinakufa mwaka wa kwanza.

Mahindi ya kungoja lazima yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13 hivi. Kama huna kipimo, tumia chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi kiasi cha theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa nguvu, acha robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikianguka chini yote, unaweza kuyaweka. Panga magunia juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na uyafungue kila majuma mawili kuangalia wadudu. Tulipata wadudu kwenye gunia moja mwezi wa 11. Tuliligundua mapema, tukalianika na kulipepeta, tukapoteza kidogo tu.

Kama koperative yenu inataka kujaribu

Si lazima iwe kinga, na si lazima iwe kipoyi. Inaweza kuwa kisima ao depo. Lakini haya tuliyaona kwa macho yetu:

- Omba kile ambacho watu wanacho, wakati wanacho. Sisi tulikuwa na mahindi mwezi wa 5.
- Ahadi iandikwe mbele ya watu, na kila mtu aweke alama yake mwenyewe.
- Kaye ishikwe na mtu mmoja, isomwe na wote. Yetu inasomwa kwa sauti kila mkutano, hata mistari ya haya.
- Andika hesabu ya kweli hata ikiwa ndogo. Mwaka huu familia zinazotaka kuahidi zimeongezeka, na wa kwanza kuweka alama alikuwa papa wa mabati.
- Mpira uliochoka ubadilishwe mbele ya safari.

Kipoyi cha magurudumu kinalala nyumbani kwa fundi, chini ya paa, na ufunguo uko kwa chefu wa kijiji na kwa mama muhasibu. Vijana wanane wamefundishwa kukiendesha kikiwa na mzigo. Wakati wa kujifunza tulimlaza papa mzee ndani yake, naye alilalamika mpaka mwisho wa njia.

Usiku mmoja wa mwezi wa pili, mvua ikinyesha, mlango wa fundi uligongwa. Waliokwenda walikuwa wawili, kijana wa makala mbele na mwalimu nyuma. Kwenye matope mabaya walishuka na kusukuma, na pale daraja la miti walikibeba mikononi. Hatusemi kwamba njia imekuwa nyepesi. Ni njia ile ile, kilometa 14. Lakini walifika mbele ya jua, na mtoto alizaliwa kwenye kituo cha afya. Ni msichana. Muuguzi alitoka tena kwenye benchi, akawahesabu waliokuja, akarudi ndani bila kuuliza kitu.